Barua ya wazi kuhusu mkeka ulioingia darasani

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Na kwenu wakurugenzi wa redio na televisheni mnaotuletea mpira,

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari ya kata, wilayani Temeke. Barua nilizozoea kuandika ni za kumwita mzazi: "Fika shuleni Jumatatu saa 2 asubuhi bila kukosa." Hii ni ya kwanza kwenda kwa wakubwa, lakini sababu ni ileile. Kuna mtoto anaharibikiwa, na katika walezi wake na ninyi mmo.

Mapema mwaka huu nilikuwa na kidato cha tatu, kipindi cha baada ya mapumziko, wakati ambapo darasa la watu 74 chini ya bati huwa nusu limelala. Tulikuwa tunarudia matumizi ya majedwali ya logarithimu. Nikaandika ubaoni 1.45 × 2.10 × 1.80, namba nilizoziokota tu kichwani, nikawaambia wafungue majedwali. Kabla ukurasa haujafunuliwa, sauti ikatoka nyuma kabisa, kwenye dirisha lisilo na kioo: "Tano nukta nne nane, mwalimu." Mwenzake akadakia: "Ukiweka buku unaondoka na elfu tano mia nne themanini." Darasa zima likaamka.

Nikapiga hesabu kwenye simu. 5.481.

Aliyejibu ana miaka 16. Mtihani wa muhula uliopita alipata 11 kwa 100. Sehemu hajui, ukimwambia ajumlishe nusu na theluthi anakupa mbili ya tano. Nilipomuuliza amejuaje, alinitazama kama mtu anayenionea aibu. "Si odi hizo, mwalimu. Hiyo ya kwanza timu kubwa iko nyumbani."

Kwa wasiokaa vijiweni (ninyi wa Bodi mnajua, ila barua hii itapita mikono mingi): odi ni namba ambayo kampuni ya kubeti inaibandika kwenye kila matokeo yanayowezekana. Unachagua mechi zako, odi zinazidishwa zenyewe kwa zenyewe, kisha zinazidishwa na fedha uliyoweka, kama ile buku, yaani shilingi elfu moja. Orodha hiyo ndiyo mkeka. Timu moja ikikuangusha, mkeka umechanika wote. Neno limekolea mpaka orodha ya uteuzi wa viongozi ikitoka usiku, watu mitandaoni wanaandika "mkeka umetoka". Mimi nilikua nikijua mkeka ni ukili unaosukwa na bibi.

Siku hiyo niliacha logarithimu. Nikawauliza nani amewahi kuweka mkeka, hakuna mkono. Nani anamjua aliyeweka. Mikono yote juu. Basi nikawaambia wainamishe vichwa juu ya madawati, kama tunavyofanya ikipotea kikokotoo cha mtu, kisha nikauliza tena swali la kwanza. Nilianza kuhesabu mikono. Nilipofika safu ya tatu niliacha.

Sasa nije kwenye neno maadili, maana ndilo linalotumika kila wanapozungumziwa vijana, simu na redio. Mwaka 2018 nyimbo zaidi ya kumi zilizuiwa kwa mkupuo mmoja zisichezwe kwenye vituo vya utangazaji, kwa kosa la kukiuka maadili. Sina ugomvi na hilo. Baadhi ya mashairi yale nisingependa kuyasikia nikiwa nimekaa na mama mkwe. Lakini nimefundisha miaka 17, na sijawahi kumpoteza mwanafunzi kwa sababu ya wimbo. Sketi fupi tunaishonea pindo. Msamiati wa ajabu wa TikTok unapita, unakuja mwingine. Kilichobadilisha watoto wangu kwa ndani, yaani namna wanavyoona kazi, fedha, muda na hata baba zao, ni kitu chenye leseni, kinacholipa kodi, na kinachosemwa kwa sauti nzuri saa 1 asubuhi wakati wanavaa viatu.

Nitoe mfano. Asubuhi moja, ndani ya daladala la kwenda Kariakoo, dereva alifungulia kipindi cha michezo cha redio ambayo siitaji. Mchambuzi alikuwa anaeleza kwa nini beki wa kulia wa timu fulani hapandi siku hizi. Akaeleza vizuri, anajua mpira. Kisha kwa pumzi ileile, bila hata kamuziki ka kutenganisha, akasema mechi hiyo ina odi kiasi gani na pa kwenda kuiweka. Mtu usingejua uchambuzi umeishia wapi na tangazo limeanzia wapi, na nadhani hiyo ndiyo kazi aliyolipwa kuifanya. Halafu wakampigia simu mshindi wa wiki.

"Kaka, unajishughulisha na nini?"

"Napiga debe, stendi."

"Sasa kwa mkwanja huo, kesho utakwenda kupiga debe?"

Studio nzima ikaangua kicheko. Yule kijana naye akacheka. Konda wetu alicheka mpaka akasahau chenji yangu, naye mwenyewe ni mtu wa kazi hiyohiyo. Waheshimiwa, kicheko kile ndicho kilichonifanya nikaandika. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Hakuna tusi. Lakini watoto wote waliokuwa ndani ya gari lile na sare zao walifundishwa somo ambalo mimi siwezi kulifuta kwa chaki: kwamba kazi ni kitu anachofanya mtu wakati anasubiri bahati, na mwenye kuendelea nayo baada ya hapo ni wa kuchekwa. Mwenzangu anayefundisha Kiswahili alinionyesha insha ya mwanafunzi juu ya methali "mchumia juani hulia kivulini". Mtoto ameandika sentensi nne tu. Ya mwisho: "Lakini kwa dunia ya sasa mchumia juani huungua." Alimpa alama, maana sarufi ilikuwa safi.

Mtaniambia redio ni redio tu, mzazi ndiye anayelea. Lakini nchi hii haijawahi kuamini hivyo. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kupitia redio. Watu karibu milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza, redio katikati, kijitabu mkononi, na kipindi kikiisha walinyanyuka wakaenda kuchimba vyoo. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Marehemu baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi kijijini kwetu na choo alichochimba kwa sababu ya redio tulikitumia mpaka nimemaliza darasa la saba. Hakuwahi kumuona mtangazaji hata mmoja. Aliwaamini kwa sauti. Imani ile hamkuijenga ninyi. Mmeirithi, na sasa inauzwa kwa sekunde 30 30.

Na klabu nazo. Mwaka 2017 Simba na Yanga zilisaini udhamini na kampuni ya kubeti, moja na hiyohiyo. Tangu hapo mtoto anayezaliwa kwenye nyumba ya Kisimba au ya Kiyanga hutambaa juu ya jezi yenye jina la kampuni ya kubeti kifuani. Najua klabu zilikuwa na hali gani kabla ya hapo, mishahara ya wachezaji ilikuwa ya kubahatisha kuliko mkeka wenyewe. Fedha zile zimesaidia ligi, nami ni mnufaika, kwa sababu mpira wetu sasa unaangalika. Ila mtoto hasomi mkataba. Anasoma kifua cha mchezaji anayempenda.

Mwezi wa tano alikuja shuleni mama mmoja anayekaanga mihogo na kachori Tandika. Hakuitwa. Alikaa ofisini kwangu, kanga kaifunga vizuri, mikono bado inanuka mafuta. Huyu ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 15, na fedha za kikoba huziweka kwenye simu kwa sababu nyumba yake imewahi kuvunjwa. Miwani yake ilivunjika mwaka jana. Tangu hapo meseji anasomewa na mwanawe, na ukishakusomea mtu meseji za fedha, namba ya siri nayo ameshaijua. Siku ya kugawana, kwenye simu palikuwa na upungufu wa shilingi 186,000. Zilitoka kidogokidogo kwa siku 19. Mia tano. Buku. Mia tano. Siku moja zilitoka mara 23, kati ya saa 7 na saa 9 usiku. Mtoto alikuwa akifuta meseji kila asubuhi kabla ya kumsomea mama yake zilizobaki.

Mtoto ni huyohuyo wa 5.48.

Sikushangaa alivyofanya. Nilichoshangaa ni swali la mama yake. Hakuniuliza nimwadhibu vipi, wala fedha zitarudije. Alisema: "Mwalimu, naomba uniambie ukweli maana wewe umesoma. Hiki kitu ni wizi au ni kazi? Maana redioni nasikia watu wanajenga."

Nikamwambia, mama, serikali imekiruhusu, lakini kwa watu wazima tu, miaka 18 na kuendelea. Akakaa kimya. Kisha akasema, taratibu, kama anayejisemea: "Kumbe serikali imeruhusu." Akanishukuru, akaondoka. Nilijiona kama mimi ndiye niliyempiga.

Niliwapigia simu kampuni husika, ambayo pia siitaji. Dada wa huduma kwa wateja alikuwa na adabu kunishinda. Akaniambia akaunti ni ya mama, laini ni ya mama, imesajiliwa kwa alama za vidole za mama, na mama alikubali vigezo na masharti. Kwa maana hiyo hakuna mtoto aliyebeti. Kwenye kumbukumbu zao kuna mwanamke mtu mzima, mkaanga mihogo, aliyekesha na kindege.

Kindege mnakijua. Ni kale kamchezo ambako ndege inapaa kwenye kioo cha simu na namba inapanda nayo, 1.20, 1.75, 2.60, na wewe unatakiwa utoe fedha yako kabla haijatokomea. Mzunguko mmoja ni sekunde chache. Zamani mtu aliyechanikiwa mkeka Jumamosi alikaa na uchungu wake mpaka Jumatano, na katikati hapo akili ilipata nafasi ya kumrudia. Kindege hakina Jumatano. Hakina timu wala beki wa kulia, hakina hata kisingizio kwamba unajua mpira. Yale madubwi, mashine za kamari za sarafu tulizokuwa tunazilalamikia mitaani, angalau yalikuwa na mlango, na jirani alikuwa anakuona ukiingia.

Hapa niseme na yangu, maana mnaweza kudhani anaandika malaika. Mwaka 2019 nilibeti miezi minane. Ofisi ya walimu yetu ilikuwa na kundi la WhatsApp la mikeka, na mwalimu wa dini alikuwa mmoja wa wachangiaji wazuri. Nilipata mara moja shilingi 140,000 na nikaisimulia mwaka mzima. Nilizoliwa sikuwahi kumsimulia mtu, hata mke wangu. Ndiyo maana simlaumu sana mtangazaji anayempigia simu mshindi peke yake. Kila mwenye kubeti ana redio kama hiyo kichwani mwake. Tofauti ni kwamba yake inasikika nchi nzima.

Baada ya ziara ya yule mama niliamua kufundisha sura ya uwezekano kabla ya wakati wake. Kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, kisha kwa Kiswahili ili waelewe. Nikatafuta vifuniko 100 vya soda. Nikapaka rangi nyekundu 63, vilivyobaki nikaviacha, nikavitia kwenye mfuko wa sandarusi. Kifuniko chekundu ni timu kubwa iliyo nyumbani: katika mechi 100, tuseme inashinda 63. Odi ya haki kwa timu hiyo ingekuwa 1.59. Kampuni inakupa 1.50. Hizo senti tisa ndizo mlo wake, na si kosa, hata mama wa kachori hauzi kwa bei ya unga. Kila mwanafunzi akachota kifuniko mara kumi, akikirudisha kila mara. Kumi vyote vikiwa vyekundu, mkeka umetiki, na buku yako imekuwa 57,665.

Wanafunzi 74. Hakuna aliyepata. Kwa hesabu, mkeka kama huo unatiki karibu mara moja katika mara 100, kwa hiyo sikushangaa.

Lakini wanne walifika tisa. Na hao wanne, waheshimiwa, ndio walionitisha. Walisimama juu ya madawati. "Kimoja tu, mwalimu! Kimoja tu kimenichania!" Walitaka kurudia, mmoja alinishika mkono nisiufunge mfuko. Hawakujihesabu kuwa wamekosa. Walijihesabu kuwa wamekaribia, na vile vifuniko havikuwa na fedha hata senti. Niliyaona macho ya mtu ambaye kesho ataweka tena, na nikaelewa kwamba biashara hii inategemea wale wanne kuliko inavyomtegemea mshindi.

Kisha nikawaonyesha ubaoni jambo ambalo sijawahi kulisikia redioni. Kwa odi zilezile, buku ukiiweka kwenye mechi moja, kwa wastani inarudi 945. Ukiiweka kwenye mkeka wa mechi kumi inarudi 568, kwa sababu zile senti tisa zinakatwa mara kumi, kila kato juu ya kato lililopita. Ndiyo maana matangazo hayamwambii kijana achague mechi moja. Yanamwambia aongeze mechi apate bonasi. Darasa lilikaa kimya kidogo. Halafu mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa: "Sasa mwalimu, kwa hiyo tuweke mechi moja moja?"

Nililiona somo langu linakufa mbele yangu. Nina dakika 40, mnazo saa 24.

Siombi mfunge kila kitu. Mkifunga, watahamia kwenye tovuti za nje ambazo hazina leseni, hazilipi kodi, na hazina hata dada mwenye adabu wa kupokea simu. Mtu mzima ana haki ya kupoteza fedha yake kwa ujinga anaouchagua. Nilifanya hivyo miezi minane. Ninachoomba kinahusu sauti na laini.

Kuhusu sauti. Tenganisheni uchambuzi na tangazo. Mtu aliyepewa kipaza sauti achambue mpira asiruhusiwe, ndani ya kipindi hichohicho, kutaja odi au kumpigia debe anayezitoa. Tangazo likae kwenye nafasi ya tangazo, na lisomwe na sauti nyingine. Na liondoke asubuhi na jioni, pamoja na muda wa mechi. Kanuni za utangazaji tayari zinatenga saa za usiku kwa maudhui ya wakubwa. Kama kubeti ni kwa wa miaka 18 na kuendelea, kwa nini tangazo lake linakaa na watoto kwenye chai? Wenye ligi ambayo vijana wetu wanaibetia walishaona haya. Uingereza, tangu Agosti 2019, matangazo ya kubeti hayarushwi wakati wa mechi ya moja kwa moja inayoonyeshwa kabla ya saa 3 usiku, kuanzia dakika tano kabla ya filimbi ya kwanza mpaka dakika tano baada ya ya mwisho. Klabu za ligi yao kuu zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa kampuni za kubeti kifuani mwa jezi, msimu wa 2025/26 ukiwa wa mwisho. Italia ilipiga marufuku karibu matangazo yote ya kamari mwaka 2018 na watu wanaendelea kucheza mpira. Msiseme hao ni Wazungu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamzuia kubeti mtu yeyote aliye chini ya miaka 25. Kenya, Aprili 2025, bodi yao ilisimamisha matangazo ya kamari kwenye vyombo vyote kwa siku 30, na redio hazikuzimika.

Na zile simu za washindi, kama hamwezi kuziacha, basi mpigieni na aliyekosa. Mmoja kwa mmoja tu. Hata sisemi 99 kwa mmoja, ingawa hesabu ndivyo inavyotaka.

Kuhusu laini. Nchi hii ilitusimamisha foleni za vitambulisho vya NIDA, na kufikia tarehe 20 Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole ilianza kuzimwa. Tulisimama juani kwa hiari kwa sababu tuliambiwa itajulikana nani anatumia nini. Imejulikana laini ni ya nani. Nani ameishika saa 8 usiku, hakuna anayeuliza. Kufungua akaunti ya kubeti kuhitaji sura ya mwenye laini, si namba yake tu. Simu hizohizo zinazochezesha kindege zina kamera. Na mwenye laini awe na namba fupi ya kubonyeza, bure, hata kwenye kitochi, ya kufunga kabisa laini yake isitoe fedha kwenda kwenye kampuni yoyote ya kubeti. Mama wa mihogo angeibonyeza siku ileile aliyovunja miwani. Wake zetu wangetubonyezea.

Kodi ninaijua. Bodi iko chini ya Wizara ya Fedha, si ya elimu wala ya utamaduni, na kila mwaka inasifiwa kwa makusanyo kupanda. Sina tatizo na makusanyo, chaki yangu inatoka humohumo. Ila mkulima anayesifiwa kwa idadi ya magunia peke yake hawezi kuulizwa shamba linachakaa kiasi gani. Mwakani, mkisoma makusanyo, someni na idadi ya akaunti mlizozifunga kwa sababu mchezaji alikuwa mtoto. Kama ni sifuri, sisi wa madarasani tutawasaidia kuhesabu.

Yule kijana hajafukuzwa. Anakaanga mihogo na mama yake Jumamosi na Jumapili mpaka 186,000 itimie. Wanawake wa kikoba walikubali, kwa masharti makali kuliko ya benki. Simu sasa inakaa kwa jirani. Nimemhamishia dawati la mbele. Sehemu ameanza kuzijua, kwa kupitia odi, Mungu anisamehe: nilimwambia odi ya 1.50 ni moja na nusu, akaniambia, "Kumbe ndiyo hiyo tu?"

Vifuniko vyangu bado ninavyo. Kipindi kijacho cha uwezekano ni Jumatano, saa 4 na dakika 20, chumba cha mwisho upande wa vyoo. Kila mmoja wenu atachota mara kumi kama wanafunzi. Kiti cha mgeni kimevunjika mguu mmoja, lakini nitaazima cha mkuu wa shule.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa hisabati, Temeke